Mwaka wa Q Bila U

Wiki tatu zilizopita nilikwenda Temeke kuhani msiba wa Bi Kulsum. Nilikaa chini pamoja na wanawake waliovaa nyeusi, nikapewa juzuu ya kusoma na kikombe cha chai ya maziwa, na mjukuu wake mmoja, binti mwenye adabu zake aliyefika kutoka ng'ambo siku ileile, akaniinamia na kuniuliza kwa upole mimi ni nani kwa marehemu. Nikaanza kupima majibu. Si ndugu yake. Si jirani, maana Temeke nilihama siku nyingi na sasa makazi yangu ni Bunju. Kusema niliwahi kuwa muuzaji wa dukani kwake kungekuwa kweli, lakini ni kweli ya kumdhulumu marehemu na kunidhulumu na mimi. "Alinifundisha mchezo," nikamwambia. Binti akatabasamu, pengine akidhani nasema karata, akanisogezea sahani ya tende. Nilirudi nyumbani na jibu refu moyoni, na kwa kuwa mimi ni mwalimu, na walimu hatuwezi kukaa na jibu bila kulitoa, naliandika hapa.

Mwaka ninaotaka kuusema nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa na F ya Kiingereza. Nasema nilikuwa nayo kama mtu anavyosema ana pumu, kwa sababu niliishi nayo, nilikwenda nayo sokoni na watu waliijua. Matokeo ya kidato cha nne yalibandikwa ukutani na kila mwenye macho aliyasoma. Masomo mengine nilijikongoja nikavuka, lakini kila mlango niliobisha, cha kwanza nilichoulizwa kilikuwa, "Kiingereza umepata ngapi?" Shangazi yangu niliyekaa kwake Tandika hakunisimanga hata siku moja. Alifanya jambo baya kuliko kunisimanga: alinionea huruma. Alipokuja mgeni akauliza habari zangu, shangazi alipunguza sauti na kusema, "Hawa? Hawa yupo yupo tu." Nilikuwa uani naosha sufuria na nilisikia vizuri sana. Mpaka leo, nikiwa na mvi zangu, mtu akisemwa yupo yupo tu mbele yangu damu hunichemka.

Ndipo nikapata kazi kwa Bi Kulsum. Alikuwa na duka la madaftari na vifaa vya shule, chini ya nyumba ya ghorofa moja, na yeye mwenyewe aliishi juu. Alikuwa Mhindi wa Kishia, mjane, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni na Kiswahili cha Temeke hasa, cha kukata maneno na kutoa majibu kabla hujamaliza swali. Aliniuliza mambo mawili tu: kama naamka mapema na kama nina kumbukumbu. Nikamwambia kumbukumbu ninayo. Akanipima kwa wiki moja. Kila asubuhi alisimama mlangoni ameipa rafu mgongo, akataja kitu, nami nikataja kilipo: daftari kubwa la hesabu, rafu ya tatu, mkono wa kushoto, nyuma ya bikari. Sikukosea. Hakunisifu, lakini tangu siku hiyo aliacha kupanga rafu mwenyewe.

Jumamosi duka lilifungwa saa saba, na baada ya sala na chakula sebule ya juu ilikuwa na mchezo. Naikumbuka sebule ile kuliko ninavyokumbuka vyumba vingi nilivyowahi kulala. Makochi yalikuwa bado na plastiki zake za dukani, ukikaa kwa muda unanata. Kabati la vioo lilijaa vikombe ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kuvinywea. Saa ya ukutani ilikwenda mbele kwa dakika kumi, kwa makusudi, kwa sababu Bi Kulsum aliamini watu wote wa Dar ni wachelewaji na dawa yao ni kudanganywa. Katikati kulikuwa na meza ya duara, na juu yake ubao wa kupanga herufi. Wapo wasioujua mchezo huo, kwa hiyo nieleze kidogo. Kila mchezaji ana herufi saba alizochota mfukoni bila kuchungulia, na kwa hizo anaunda maneno ya Kiingereza ubaoni, neno likikatiza neno. Herufi za kawaida zina alama chache. Zile adimu, Z na X na J, zina alama nyingi. Na inayoogopwa kuliko zote ni Q, kwa sababu Kiingereza mara nyingi hakiitumii mpaka ishikane mkono na U, na ukiwa na Q halafu U zote zimekwisha, umebeba jiwe.

Wachezaji walikuwa watatu. Bi Kulsum mwenyewe. Mwalimu Ndunguru, mtu wa Songea, mwalimu mstaafu wa Kiingereza aliyekaa mtaa wa pili, mpole, mnyoofu, ambaye hakuwahi kuweka neno ubaoni bila kulitungia sentensi kwanza. Wa tatu alikuwa Bwana Nazar, shemeji yake Bi Kulsum, muuza vipuri vya magari, mnene, mwenye pete ya akiki na hasira za karibu. Kazi yangu ilikuwa kupandisha chai ya tangawizi, kachori na bajia zenye chatne ya nazi, kisha kushuka. Nilikuwa nashuka polepole sana. Jumamosi moja Mwalimu alichelewa, na Bi Kulsum akaniita kabla sijafika ngazini.

"Wee Hawa, kaa hapa. Tumepungua."

"Mama, mie Kiingereza sina."

"Nani kakuuliza Kiingereza? Nimekuita upange herufi."

Bwana Nazar akacheka mpaka bajia ikampalia. Nilikaa. Nilishindwa vibaya siku ile, niliweka maneno ya mtoto wa darasa la tatu, paka na mbwa na kofia, lakini nilipokuwa nakusanya vikombe nilikuwa na raha ambayo sikuwa nimewahi kuipata darasani. Hakuna aliyenitaka nizungumze. Hakuna aliyesubiri nikosee matamshi ili acheke. Herufi zilikuwa zimelala mbele yangu, kimya, zikinisubiri mimi.

Wiki iliyofuata Bi Kulsum alinipa daftari. Ndani alikuwa amenakili kwa mkono wake, kutoka kwenye kamusi yake kubwa, maneno kwa mafungu: yenye herufi mbili tu, yenye Z, yenye J, yenye X, na ukurasa wa mwisho, uliopigiwa mstari mwekundu, maneno yenye Q isiyotaka U. Nikaanza kuyasoma kama tulivyofundishwa shuleni, neno na maana yake, neno na maana yake, na kwa mwezi mzima sikushika kitu. Nilijua kushindwa kule, nilikuwa nakaa nako tangu kidato cha kwanza. Usiku nililia. Asubuhi nikamrudishia daftari nikamwambia mama, hii si yangu. Hakulipokea. Alisema tu, "Rafu ya tatu imeingia vumbi," akapanda ngazi.

Nikachukua kitambaa nikafuta rafu, na nikiwa nafuta nikajisikia naimba. Nilikuwa naimba herufi. Mtu yeyote aliyepita madrasa atanielewa hapa bila maelezo. Tulipokuwa watoto ustadhi hakutuambia maana ya kitu. Tulikaa chini kwenye mkeka, tukayumba mbele na nyuma, tukahijai kwa sauti, alifu fataha a, be fataha ba, wote kwa pamoja mpaka uzi wa sauti ukaingia mwilini, na tulifika juzuu ya pili, ya tatu, tukiwa tumehifadhi maneno ambayo hakuna hata mmoja wetu angeweza kuyatafsiri. Hatukuona ajabu. Neno lilikuwa lako kwanza, maana ingekukuta mbele ya safari. Sasa nilikuwa nimesimama na kitambaa cha vumbi, nayumba, nasema kyu ei en ei ti, qanat, kyu ei ai di, qaid, na lilikuwa limenasa. Nikaenda la pili. Likanasa. Nilisoma ukurasa mzima wa mstari mwekundu kabla ya adhuhuri, na mteja mmoja aliyekuja kununua rula alisimama mlangoni akanisikiliza, akaondoka bila rula. Nadhani alifikiri namwombea mgonjwa.

Na kulikuwa na jambo jingine lililonifanya nicheke peke yangu. Baadhi ya maneno yale niliyafahamu! Kadhi alikuwemo. Fakiri alikuwemo, na kibla, na talaka, na adhana, wote wamo ndani ya kamusi ya Waingereza, wamebadilishwa herufi moja mbili lakini sura ni zilezile, kama watu wa mtaani kwenu unaowakuta harusini wamevaa suti. Walimu wangu wote wa Kiingereza hawakuwahi kuniambia kwamba Kiingereza kiliokota hata kwetu. Nilikuwa nimekiogopa kama nyumba ya tajiri, kumbe jamaa zangu wanaishi humo. Sijui kama mtu mwingine angeliona jambo hilo kubwa. Mimi nililiona kubwa kiasi kwamba jioni ile nilimsimulia shangazi, naye akanishika paji la uso kutazama kama nina homa.

Mwalimu Ndunguru hakupenda njia yangu. "Binti yangu, neno bila maana ni ganda," aliniambia, na alisema kwa uchungu wa mtu aliyefundisha maana miaka thelathini. Nilimheshimu sana, na leo hii darasani kwangu nafundisha maana kama alivyotaka yeye. Lakini nikimpata mtoto ambaye maana zimemgomea, namwambia ayumbe kwanza. Mwezi wa Muharram mchezo ulisimama, sebule ikafunikwa vitambaa vyeusi na wanawake wakawa wanaingia na kutoka kwa ajili ya majlisi, vikao vyao vya maombolezo. Mimi nilikoroga sharubati chini dukani na kuimba herufi kwa sauti ndogo ili nisiwakosee adabu. Mchezo uliporudi nilimshinda Bwana Nazar Jumamosi nne mfululizo.

Kila mwaka wachezaji wa Temeke walipambana na wachezaji wa Kinondoni, watatu kwa watatu, na kila mwaka Temeke ilirudi imeinamisha kichwa. Kinondoni walikuwa na mawakili na watu wa maofisi makubwa, watu waliokuwa wakiota kwa Kiingereza. Wiki tatu kabla ya pambano nilikuwa napandisha chai nikasikia sauti sebuleni, nikasimama kwenye ngazi na sinia mkononi. Sikuona haya kusikiliza. Kwa umri ule karibu kila kitu nilichokijua kuhusu maisha yangu nilikijua kwa kusikiliza.

"Shemeji, unanitoa mie, unamweka mtoto wa dukani?" Bwana Nazar alikuwa anasema. "Mwenye F? Huyu ni kasuku tu. Muulize maana ya neno lolote, hajui hata moja. Tutachekwa mpaka na watoto wa Sinza."

"Wewe maana unazijuaga zote," Bi Kulsum akajibu, "na kila mwaka unashindwa."

"Akituaibisha je?"

"Akituaibisha kiti chako kipo. Nitasimama palepale ukumbini nikuombe radhi mbele ya watu. Na yeye atarudi kuleta chai, sitamwita tena mezani. Umeridhika?"

Chai ilikuwa inapoa. Nikaingia, nikasema shikamoo kwa wote kama kawaida, nikamimina bila kumwaga tone. Lakini nilikuwa nimeelewa vizuri. Mwanamke yule, ambaye sijamsikia akiomba radhi hata alipomkanyaga mtu, ameweka heshima yake juu ya kichwa changu. Na mimi nikishindwa narudi ngazini na sinia, niwe yupo yupo tu mpaka mwisho. Wiki tatu zile nilikula nikiimba. Nilipiga mswaki nikiimba. Shangazi akaanza kuniogopa.

Siku moja kabla ya pambano Bi Kulsum aliniita juu, akanipa sahani ya bateta, viazi vya rojo, na kusimama juu yangu mpaka nikamaliza. Kisha akanipa nasaha moja tu. "Watakuuliza maana. Watu wa kule wanapenda kuuliza. Ukijua, sema. Usipojua, usidanganye, sema hujui." Nikamwuliza, si watanicheka, mama? Akasema, "Waache." Nimekaa miaka na neno lile. Sijui hata leo kama alikuwa ananifunza ukweli au alikuwa anatega mtego.

Tulikwenda Kinondoni kwenye gari la Bwana Nazar, maana gari lilikuwa lake na alitaka kushuhudia. Ukumbi ulikuwa wa shule moja ya watoto wa wenye nacho, una viti vya kukunja na feni nane, na meza tatu zimewekwa mbali mbali. Mashabiki walizunguka na vikombe vya kahawa, wakisema Kiingereza hata walipokuwa wanaomba sukari. Mimi nilivaa gauni la shangazi, refu kidogo. Nilipangiwa Wakili Gerald, bingwa wao, mtu wa makamo, nadhifu, wa manukato mazuri, na lazima niseme ukweli kwamba hakuwa mtu mbaya. Alinyanyuka akanipa mkono, akaniambia jambo refu la kirafiki kwa Kiingereza. Niliambulia neno moja. Nikamjibu, "Shikamoo." Akakaa, akawatazama wenzake, akainua nyusi. Pale pale, kabla herufi haijatoka mfukoni, alikuwa amekwisha kunipima na kunimaliza.

Sheria yao moja nilikuwa nimeipenda tangu nilipoisikia. Ukilitilia shaka neno la mwenzako, unapinga, na msimamizi anafungua kamusi. Likiwa halimo, mwenye neno analiondoa na zamu imempita. Likiwa limo, aliyepinga ndiye anayepoteza zamu. Neno langu la kwanza la maana lilikuwa AZAN, adhana, na Z iliangukia pazuri. Wakili alitabasamu kama mtu mzima anavyomtabasamia mtoto. "Hapana, binti. Hicho si Kiingereza, hicho ni cha msikitini," akasema, safari hii kwa Kiswahili ili nielewe, akainua mkono kupinga. Msimamizi akafungua kamusi, akapitisha kidole, akasema limo. Nikacheza mara mbili mfululizo. Baadaye kidogo nikaweka ULEMA, yaani maulamaa. Hakuamini kwamba ningebahatika tena. Akapinga. Limo. Mashabiki wawili watatu wakasogea na vikombe vyao, na nikamwona Bwana Nazar naye anasogea, mikono nyuma, uso umekunjamana.

Lakini Wakili alikuwa mchezaji hasa, na alipoacha kunipinga akaanza kunikimbia. Aliweka maneno marefu ambayo sijawahi kuyaona, yakatanda ubao mzima. Meza nyingine zikamalizika. Bi Kulsum alishinda, Mwalimu Ndunguru akashindwa kwa alama mbili tu, maskini, akiwa bado anatafuta sentensi. Ikawa tumeshinda moja na wao moja, na pambano lote likaja kusimama juu ya meza yetu. Mfuko wa herufi ulikuwa mtupu. Mimi nilikuwa nyuma kwa alama kumi na tisa, na katika herufi tano zilizobaki mbele yangu moja ilikuwa Q. U zote nne zilikuwa ubaoni, zimezikwa katikati ya maneno ya watu. Wakili alibakiwa na herufi mbili na alikuwa anazigonga gonga mezani kwa kucha. Nilijua anamaliza zamu inayofuata, na alijua kwamba najua. Alikuwa ameiona Q usoni kwangu.

Nilifumba macho. Sikuomba dua, sitasema uongo, niliyumba. Mbele, nyuma, kidogo tu, nikaufungua ukurasa wa mstari mwekundu kichwani na kuushuka kama ngazi. Nilikuwa na Q, A, N, T na E. Ubaoni kulikuwa na A moja iko wazi, juu na chini hakuna kitu, na karibu yake mraba wa kuzidisha neno mara mbili. Nikafumbua macho nikaziweka moja moja. QANAT. E ikabaki peke yake kwenye kibao changu cha kushikia herufi. Alama zikahesabiwa na nikawa mbele kwa tisa.

Mashabiki wakasogea tena. Wakili Gerald aliliangalia lile neno herufi kwa herufi. Kisha akafanya kosa ambalo ni mtu aliyesoma sana tu angeweza kulifanya. Angeweza kuweka herufi zake mbili, alikuwa na X na mahali pa kuiweka, akamaliza na kushinda. Badala yake aliegemea kiti, akanitazama, akaniuliza kwa Kiswahili kizuri, cha upole kabisa, "Binti, hebu niambie. Hilo lina maana gani?"

Nilikuwa sijui. Wallahi sikuwa najua. Niliangalia upande wa Bi Kulsum, naye alikuwa anafuta miwani yake kwa ncha ya mtandio kama mtu aliye nyumbani kwake.

"Sijui," nikasema.

Watu walicheka. Si kwa ubaya, kilikuwa kicheko cha kushusha pumzi, kwamba haya, mambo yamerudi mahali pake. Nilimsikia Bwana Nazar anavuta hewa kwa meno. Wakili naye akacheka, akainua mkono na kusema anapinga. Alipinga kwa sababu katika akili yake haikuwezekana mtu awe na neno asilolijua. Hakuwahi kukaa mkekani. Msimamizi akafungua kamusi, akalamba kidole, akageuza kurasa, akarudi nyuma ukurasa mmoja, akasogeza kamusi karibu na macho. Nakumbuka feni. Nakumbuka mtu alikoroga kahawa na kijiko kikagonga kikombe mara tatu.

"Limo," akasema.

Zamu ikampita. Nikachukua E yangu nikaiweka mwishoni mwa neno PLAN, ambalo Wakili mwenyewe alikuwa ameliweka mwanzoni mwa mchezo, likawa PLANE, nami nikawa sina kitu mbele yangu. Nilitazama kile kibao kitupu kana kwamba kimetoka mbinguni. Kisha nikasikia sauti ya ajabu, na sauti hiyo ilikuwa Mwalimu Ndunguru anapiga vigelegele. Mzee mzima, mpole, mnyoofu, na tai yake! Nilicheka, nikalia, nikacheka. Furaha ile sijawahi kuipata tena kwa ukubwa wake, na nimeolewa, nimezaa, nimejenga. Wakili Gerald alinyanyuka akanipa mkono mara ya pili, na safari hii aliushika kwa muda. "Nenda karudie mtihani," aliniambia. Nilirudia, nikapata C, na baada ya C nikaenda chuo cha ualimu. Qanat nililisoma maana yake huko chuoni: ni mfereji wa maji unaochimbwa chini ya ardhi. Nikalisalimu.

Kurudi Temeke, Bi Kulsum alikaa mbele, mimi na Mwalimu nyuma, na chupa ya chai na kachori zilizobaki katikati yetu. Bi Kulsum alilalamikia kahawa ya Kinondoni njia nzima. Bwana Nazar aliendesha shingo imekaza, na tulipofika njia panda ya Buguruni foleni ikatusimamisha katikati ya wauza machungwa na mikokoteni. Jua lilikuwa kali na vioo viko chini. Akakohoa. Akakohoa tena.

"Hawa," akasema, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita kwa jina langu. "Hizo za Q. Ziko ngapi?"

"Nyingi, mzee."

"Nipe basi na mie."

"Hazitolewi hivyo. Zinasomwa. Wewe sema baada yangu."

Nilidhani atafoka. Alinitazama kwenye kioo cha ndani, akamtazama shemeji yake, ambaye alikuwa amegeukia dirishani na mabega yake yanatikisika, kisha akaweka mikono miwili kwenye usukani. Nikaanza, kyu ei di ai, qadi. Akasema kwa kumung'unya, ndani ya masharubu.

"Kwa sauti, mzee. Ukimung'unya haikai."

Akasema kwa sauti. Muuza machungwa akageuka. Nikampa la pili, akalipokea, na nikaona mwili wake mkubwa umeanza kuyumba wenyewe, mbele na nyuma, pete inameta juani, maana naye alipita madrasa, kila Mwislamu wa rika lake alipita. Hilo lilikuwa somo langu la kwanza kufundisha katika maisha yangu, na nililifundisha kwa ukali. Foleni ikaanza kusogea, madereva nyuma yetu wakapiga honi, Mwalimu Ndunguru akaanza kuitikia pamoja naye. Bwana Nazar alipokosea la tatu, nikamrudisha mwanzo.